Moshi wa Ubani Kwenye Chumba cha Pampu

Ukifika kwenye chumba cha pampu, usiguse kitu. Simama mlangoni kwanza, usikilize. Pampu nzima huvuma sauti moja tu, kama friji kubwa la bucha. Pampu inayovuta hewa huvuma, hukohoa, hunyamaza kidogo, kisha huvuma tena. Ukiusikia ule ukimya mfupi wa katikati, mwili unapaswa kukusisimka. Mimi ulinisisimka kila mara kwa miaka karibu thelathini, na sioni haya kulisema.

Nawaandikia ninyi mnaofanya kazi ya mabwawa ya kuogelea sasa, kutoka Mbweni mpaka hoteli za mwisho za ufukwe wa Bagamoyo. Baadhi yenu mmenipigia simu tangu magoti yaliponistaafisha, mkaniuliza habari za mota na kemikali. Habari za hewa hamjaniuliza. Hewa huonekana tatizo dogo: vipovu vichache vinatoka kwenye matundu ya kurudishia maji, mwenye bwawa analalamika, fundi anazungusha utepe mweupe mahali fulani, kila mtu anarudi kwake. Katika kazi hii nimeogopa umeme, nimeogopa klorini, nimeogopa nyoka waliojikunja chini ya mota kufuata joto. Lakini siku niliyokaribia kuua mtu, nilikuwa natafuta hewa.

Nitafika huko. Kwanza inabidi mwelewe jambo lililonichukua mimi siku tatu kulielewa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shomari, mtu wa Bagamoyo mjini, mpole, asiyesikia sikio la kushoto. Kazi ya kwanza aliyoniachia peke yangu ilikuwa bwawa la nyumba moja Mbweni, lililokuwa likitoa vipovu. Nilikagua mabomba yote kwa vidole, nikitafuta unyevu. Nilifunga utepe hapa, nikapaka gundi pale. Siku ya tatu mzee alikuja, akageuza ndoo, akaikalia, akanitazama.

"Unatafuta nini?"

"Panapovuja, mzee."

"Panapovuja kuna nini?"

"Maji."

"Kwani mwenye nyumba alisema maji yake yamepotea?"

Alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya pampu. "Hapa ndipo nchi inapogawanyika," akasema. "Bomba linalotoka bwawani kuja hapa, huo ni upande wa kuvuta. Linalotoka hapa kwenda kwenye tangi la mchanga, lile la kuchujia, na kurudi bwawani, huo ni upande wa kusukuma. Upande wa kusukuma ukitoboka, utalowa. Upande wa kuvuta ukitoboka, pampu ikiwa inafanya kazi, hutaona hata tone. Tundu linakuwa kavu. Linakunywa."

Neno hilo, linakunywa, lilinikaa. Tangu hapo kila nilipopita kwenye kiungo kikavu, safi, kisicho na kasoro, nilikitilia shaka kuliko kilicholowa.

Dalili zake mnazijua, au mnapaswa kuzijua. Chini ya kifuniko cha kioo cha pampu, pale penye kikapu cha majani, maji hayajai. Yanazunguka na hewa juu yake. Mshale wa geji kwenye tangi hautulii. Na bwawani, vipovu. Ukiona vyote vitatu, anza na kilicho rahisi: kina cha maji, kifuniko cha kikapu, na ringi ya mpira iliyo chini ya kifuniko hicho. Mara nyingi ni ringi. Na mkibadilisha ringi msifanye nilichofanya mimi, nilipokosa grisi ya silikoni nikachukua mafuta ya mgando ya mke wangu. Baada ya wiki mbili Mzee Shomari alifungua kifuniko, akaitoa ringi, akaining'iniza kwa kidole. Ilikuwa imevimba, haikubali tena kukaa kwenye mfereji wake.

"Umeilisha nini hii?"

"Nimeipaka mafuta ya mgando."

"Basi ngozi yake ni nyororo, mashaallah. Itupe."

Alikuwa mtu wa mzaha, isipokuwa akikaribia tangi. Hapo uso wake ulibadilika. Hewa iliyonywewa upande wa kuvuta haipotei. Inapita kwenye pampu na kwenda kujikusanya juu ya mchanga, ndani ya tangi, chini ya kifuniko. Maji ukiyabana hayakubali. Hewa ukiibana inakubali, inasubiri. Yeye aliwahi kulegeza nati ya kifuniko kabla ya kuitoa hewa. Kifuniko kilitoboa bati la paa, na sikio lake halikusikia tena. Hakupata kunieleza zaidi ya hapo, na hata hayo aliyasema pale tu aliponiona nina haraka. Zima pampu. Fungua kikoki kidogo cha hewa. Subiri mshale ulale kwenye sifuri. Ukishalala, subiri tena. Na ukiwasha, usisimame umeinamia tangi. Simama kando, mgongo ukutani. Nilimwona akifanya hivyo hata kwenye matangi mapya, midomo ikimchezacheza kwa Bismillahi, na nilijua kwamba yule mzee mtulivu ana hofu. Baadaye hofu hiyo nikaivaa mimi.

Sasa habari ya ubani.

Kiungo kinachokunywa hakionekani kwa macho, kwa hiyo inakubidi ukipe kitu cha kunywa uone kinakwenda wapi. Wengine humwagia maji viungo kimoja kimoja na kuangalia vipovu vinakoma lini. Wengine hupaka povu la sabuni, likazama mahali penye ufa. Mzee Shomari alitumia moshi wa sigara. Aliupuliza taratibu kando ya bomba. Palipo pazima moshi ulipanda, palipo na ufa uliinama na kuingia. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, sigara mchana ikawa haiwezekani. Akaja na chetezo cha mkewe, kile cha udongo cha kufukizia nguo, na makaa na ubani, akakishika mbali na pua yake, akazunguka nacho kwenye mabomba. Ukawa mzuri kuliko sigara: mwingi, mzito, unaenda polepole. Baada ya Idi hakurudi kwenye sigara. Nami nilipoanza kazi zangu mwenyewe nikanunua chetezo changu, kikakaa kwenye sanduku pamoja na spana.

Mnacheka, kwa sababu leo mnarekodi sauti ya pampu kwenye simu, mnaituma kwenye kundi, na mtu aliye Tanga anawajibu. Chekeni. Lakini fikirini watu wanaona nini fundi anapoingia kwenye chumba chenye giza, chenye mngurumo, akiwa na chetezo kinachofuka ubani. Kwetu pwani hakuna anayefukiza chuma. Kinachofukizwa ni nguo, ni nyumba, ni maiti, au ni mtu aliyepandwa na shetani. Mimi nilijua hivyo tangu utotoni, na bado sikukumbuka.

Hoteli yenyewe sitaitaja. Ni ndogo, iko kaskazini mwa mji, na bwawa lake lilikuwa la zamani kuliko majengo yake. Niliitwa asubuhi kwa sababu ya vipovu. Wa kwanza kuniona alikuwa Bi. Sihaba, mfuaji wa hoteli, mama wa makamo aliyekuwa akianika mashuka kwenye kamba karibu na bwawa.

"Shikamoo, Bi. Sihaba."

"Marahaba, fundi. Umekuja kwa pampu au kwa mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

Akanyoosha kidevu kuelekea bwawani. "Anayepumua humo."

Mhudumu wa bwawa alikuwa Chande, mtu wa Makurunge, rika langu, mwenye mabega ya mkulima. Alinipeleka ukingoni, akaongea kwa sauti ya chini.

"Linapumua, fundi. Asubuhi kabla wageni hawajaamka. Linavuta, linaachia. Wiki nzima sijashuka kusugua chini."

"Maji yamepungua," nikamwambia. "Ule mdomo wa pembeni, unaokusanya majani, unagugumia hewa. Hiyo ndiyo pumzi unayoisikia. Tutaongeza maji."

"Sawa. Na yule mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Aliyeshikwa. Juzi. Alikuwa anaogelea, akashikwa, akatoka anatetemeka. Jioni wakahama."

Alishikwa. Ninyi mnalijua neno hilo kwetu lina maana gani. Binti akishikwa, haulizwi nani kamshika; anaitiwa mganga. Niliposikia alishikwa, na nimetoka kusikia habari ya bwawa linalopumua, masikio yangu yalifunga mlango. Nilikuwa na desturi ya kuandika kila nilichoambiwa kwenye daftari kabla ya kufungua kitu chochote, na daftari la siku ile ninalo. Limeandikwa: maji chini ya kiwango; vipovu; mshale unacheza; pampu inakohoa. Habari ya mgeni haimo. Niliona ni maneno ya watu.

Meneja alipita, mama mmoja mwenye haraka, akasema wageni wa harusi wanaingia saa nane mchana na anataka bwawa likiwa tayari. Nikamwambia litakuwa tayari.

Tulijaza maji kwa mpira wa bustani hadi kufikia alama. Kule kugugumia kukakoma, na Chande akanitazama kwa heshima kidogo. Lakini vipovu viliendelea. Basi kulikuwa na kiungo kinachokunywa mahali fulani, upande wa kuvuta.

Fuateni hapa kwa makini. Kutoka bwawani yalikuja mabomba mawili: moja la mdomo wa pembeni, moja la tundu la chini kabisa, katikati ya sakafu ya bwawa. Yaliungana hatua moja kabla ya pampu, na kila moja lilikuwa na valvu yake. Ili kujua hewa inaingilia bomba gani, unafunga moja na kuangalia. Nikafunga la pembeni. Mpini wa ile valvu ulikuwa umeliwa na klorini. Ukakatika mkononi mwangu, nikamalizia kuifunga kwa plaizi. Sasa pampu yote, nguvu zake zote, ilikuwa inavuta kwa tundu la chini peke yake. Vipovu havikukoma. Hewa ilikuwa ikiingilia bomba la chini au baada ya maungano, karibu na pampu, na hapo palikuwa na yunioni kubwa ya plastiki, kile kiungo cha kukaza na kulegeza kwa spana, niliyoishuku tangu mwanzo. Nikaweka spana ya mabomba juu yake, nikaiacha imening'inia tayari. Kisha nikamwomba Bi. Sihaba makaa ya jikoni.

Aliyaleta kwenye koleo, akayatia chetezoni, na ubani ulipoanza kunukia wakaja wengine: mpishi, wahudumu wawili, Chande. Walisimama mlangoni. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mmoja wao alianza kusoma kitu kwa sauti ya chini.

"Fundi anamtoa," mpishi akasema.

"Tayari, fundi?" Chande akauliza.

Nilikuwa nimepiga goti, nina moshi machoni, na nilitaka waondoke wanipishe mwanga. Nikajibu kwa mzaha, "Leo anahama."

Wakacheka, kicheko kile cha watu waliotuliwa mzigo, wakatawanyika. Chande akaenda pamoja nao. Sikuona amekwenda wapi.

Nikaanza kuzungusha chetezo. Kwenye kifuniko cha kikapu moshi ulipanda. Kwenye valvu ulipanda. Kwenye yunioni uliyumba, ukasita, ukapanda, na nikarudia mara ya pili na ya tatu bila uhakika. Ufa ulikuwa mdogo mno. Nilikuwa karibu kukata tamaa nijaribu povu.

Halafu moshi ukainama. Ghafla, wote kwa pamoja, kama uzi unaovutwa na sindano, ukaingia kwenye ukingo wa yunioni na kupotelea humo. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Nimekupata." Nikatoa kalamu mfukoni nikaweka alama kwenye plastiki. Nilikuwa na furaha. Nataka mlijue hilo: dakika ile nilikuwa na furaha.

Pampu ikabadilika sauti. Ikaanza kunguruma kama iliyotiwa kokoto. Chini ya kioo maji yakashuka, yakawa yanachemka bila moto. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini ufa uliokuwa ukinywa kidogo asubuhi nzima umeanza kunywa kwa nguvu namna ile. Pampu haiongezi kiu bila sababu. Inaongeza pale inapozibwa kinywa kingine.

Bi. Sihaba alitokea mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Fundi, Chande anakaa chini muda gani?"

"Chini wapi?"

"Bwawani. Amekwenda kusugua pale katikati. Umesema amehama."

Nikatazama moshi, nikatazama kioo, na yale maneno ya asubuhi yakarudi yote kwa mpigo mmoja. Alikuwa anaogelea, akashikwa.

Swichi ya pampu haikuwa mle chumbani. Ilikuwa nyuma ya jiko, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, na ufunguo alikuwa nao meneja. Nililijua hilo tangu nilipofika na sikulifanyia kitu. Nikakimbilia valvu niliyoifunga. Haikuwa na mpini. Plaizi iliteleza mara ya kwanza. Iliteleza mara ya pili, ikanichana kidole. Nilimsikia Bi. Sihaba akikimbia, kisha maji yakipiga. Ndipo nilipoiona spana ikiwa imening'inia kwenye yunioni, pale pale nilipoiacha. Niliishika kwa mikono miwili na kuisukuma kwa uzito wote wa mwili.

Yunioni iliachia. Hewa iliingia kwa kishindo kilichozima makaa ya chetezo na kunirushia majivu usoni, na pampu ikapiga mlio mkali wa kuzunguka patupu. Haikuwa na maji tena ya kuvuta. Haikuwa na nguvu ya kushika kitu.

Nilipofika nje Bi. Sihaba alikuwa ndani ya maji na khanga yake yote, ameshika kichwa cha Chande juu ya maji kwa mkono mmoja na ukingo kwa mkono mwingine. Hakujua kuogelea. Tulimtoa, tukamlaza ubavu. Alitapika maji mengi, akavuta pumzi moja ndefu yenye sauti mbaya, kisha nyingine. Mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, ulikuwa na rangi ya zambarau zilizoiva, umejaa, na kiganjani kulikuwa na mduara kama umepigwa muhuri.

Kifuniko cha tundu la chini kilikuwa kimevunjika nusu, pengine kwa miaka. Alipokuwa akisugua ukoga pembeni yake, mkono ulivutwa ndani na kiganja kikaziba bomba. Kwa mdomo wa pembeni ukiwa wazi, angeng'oa mkono wake kwa nguvu kidogo, kama yule mgeni. Mdomo wa pembeni nilikuwa nimeufunga mimi. Na moshi wangu uliinama vizuri namna ile kwa sababu mtu alikuwa amekwama chini ya maji.

Muda aliokaa chini siujui. Bi. Sihaba anasema alikuwa ameanika mashuka mawili na kushika la tatu.

Watu walijaa. Mpishi akasema, "Amekataa kuhama," na wengine wakaitikia kwamba ndivyo, kwamba alichokozwa kwa ubani na akajibu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, majivu usoni. Walikuwa wananipa njia ya kutokea bila hata mimi kuiomba. Hofu niliyoisikia saa ile ilizidi ile ya chumba cha pampu, kwa sababu niliona jinsi ilivyo rahisi. Ningenyamaza tu. Jini hana wakili.

Nilinyamaza mpaka zahanati. Chande alilazwa kwenye kitanda cha karibu na dirisha, mkono umeinuliwa kwa mto, uso umemvimba. Nilikaa kwenye benchi.

"Chande. Hakuna jini. Ni pampu. Nilifunga bomba moja, nguvu yote ikaja kwako. Nami sikukuuliza unakwenda wapi."

"Nilikwambia kuna mtu alishikwa."

"Nilidhani unasema shetani."

"Hata mimi nilidhani shetani," akasema. "Lakini mimi si fundi."

Nikamuuliza, kwa kuchelewa siku nzima, yale maswali ambayo ningemuuliza asubuhi kama ningekuwa na masikio. Mgeni alishikwa wapi? Kisigino. Upande gani wa bwawa? Katikati, chini. Alikuwa na alama? Alikuwa nayo, mduara. Majibu matatu. Yangeingia kwenye mistari miwili ya daftari.

Kwa hiyo mtu akikwambia bwawa lina jini, usimcheke na usibishane naye. Muulize jini anakaa sehemu gani, anashika nini, saa ngapi, na pampu ikiwa inafanya kazi au imezimwa. Watu wa hoteli ile hawakukosea hata jambo moja katika waliyoyaona. Walikosea jina tu. Mimi nilichukia jina, nikatupa na walichokiona.

Kifuniko kipya kilikuja siku ya tatu kutoka Dar es Salaam. Hatukuweza kumwaga maji ya bwawa. Karibu na bahari maji ya ardhini huweza kulisukuma bwawa tupu kutoka chini likapasuka, na hilo nalo mlikumbuke. Ilibidi mtu ashuke. Nikasema nitashuka mimi.

Meneja alinipa ufunguo. Nilizima pampu, nikalifunga sanduku, nikarudi bwawani. Chande alikuwepo, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Hakuitwa, alikuja mwenyewe. Nilimnyooshea ufunguo.

"Kaa nao wewe," nikamwambia. Niliona ndiyo haki yake.

Aliupokea kwa mkono wa kushoto, akaupimapima kiganjani.

"Akija mtu akaniomba?"

"Usimpe."

"Meneja akiniomba?"

Alichuchumaa kwenye fagio lake la bwawa, akafungua ukanda wa mpira wa tairi uliokuwa umeshikilia mpini, akapitisha ufunguo humo, akanifunga kwenye kifundo cha mkono kwa vidole vyake vya kushoto na meno.

"Anayeshuka ndiye anakaa nao," akasema.

Tangu siku ile sijashuka kwenye bwawa lolote, wala sijamruhusu mtu ninayefanya naye kazi ashuke, kinyume na hilo. Mkiyasahau mengine yote niliyoandika, shikeni hilo la Chande.

Nikashuka. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Tundu lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, ungeweza kulifunika kwa kisahani cha chai. Nilijua pampu imezimwa. Nilijua sanduku limefungwa na ufunguo ninao, niliusikia ukinigonga mkononi. Hata hivyo mkono ulikataa kulisogelea. Nilipanda juu bila kufunga hata skrubu moja, nikavuta pumzi, nikashuka tena, nikapanda tena mikono mitupu. Mara zote mbili Chande alikuwa amechuchumaa ukingoni. Hakunicheka, hakunihimiza. Alikuwa anatazama kifundo cha mkono wangu.

Mara ya tatu nilifunga skrubu ya kwanza.